Kuni za Baba na Chungu wa Kaskazini

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kwenye uwanja wa Flagey, hapa Ubelgiji, siku ya soko ananiuliza swali lile lile: je, ni kweli baba yako aliichoma tasnifu yako jikoni? Hapana. Hakuichoma. Aliipasua kwa shoka na kuipanga ukutani, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama na mfuko wa viazi mkononi, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, tena kwa Kiswahili cha vitabuni, ili wale wa Dar es Salaam kwenye kwaya yetu wasipate la kunicheka. Maneno ya baba tu nimeyaacha kama alivyoyasema. Hayo hayanyoosheki.

Kwa wasiojua: mimi nasoma chungu, wadudu hawa hawa wanaoingia kwenye sukari yako. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikichunguza jinsi wanavyorudi katika misitu ya kaskazini mwa Uswidi baada ya miti kukatwa. Kule msitu hukatwa wote kwa mpigo, ukabaki uwanja wa visiki, kisha miti hupandwa na kukua polepole mno. Swali langu ni hili: nani anaamua chungu gani waishi wapi? Profesa wangu anasema ni ushindani. Wakishafika wale wakubwa wekundu, wanaojenga vichuguu vya majani makavu ya misonobari virefu kuliko mtoto wa shule, wadogo hufukuzwa na hadithi inaishia hapo. Mimi nilihisi kwamba makazi nayo yana neno lake: jua, kivuli, magogo yanayooza. Viwanja vya utafiti katika misitu michanga nilikuwa navyo vingi. Cha msitu mzee, uliokatwa mara ya mwisho kabla baba hajazaliwa, nilikuwa nacho kimoja tu. Kilibaki kipimo cha mwisho, kiangazi kile, na mkataba wangu wa chuo ulikuwa unaisha vuli. Bila msitu mzee sikuwa na tasnifu. Nilikuwa na visiki tu.

Etterbeek hadi Hamburg

Mwanafunzi aliyekuwa aniendeshee gari alivunjika kiwiko akicheza mpira wiki moja kabla ya safari. Mimi leseni sina, na viwanja vyangu vimetawanyika mahali ambapo basi halijawahi kufika. Nilikuwa nimekaa kwa kaka yangu Didier, kule Berchem-Sainte-Agathe, nikilalamika, ndipo baba aliponyanyuka kwenye kiti cha pembeni. Baba ameishi kwa Didier tangu mama afariki. Huko nyuma aliendesha malori kati ya Lubumbashi na Kolwezi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na hapa Ubelgiji hana cha kuendesha isipokuwa televisheni.

"Miye nitakupeleka, maman," alisema. Ananiita maman kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nilitaja umbali. Akauliza kama barabara ni ya lami. Nikasema ndiyo, yote. Basi akacheka kana kwamba nimemwomba anisindikize hadi kituo cha tramu.

Tuliondoka kwangu Etterbeek alfajiri na gari la chuo, nyuma kumejaa vikombe vya plastiki vya kufukia ardhini, chupa za spiriti, makopo ya samaki jodari, asali, hema moja na vyakula vya wifi yangu Solange: unga wa bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo iliyogandishwa, na ndagala, dagaa wakavu wa kutosha harusi. Nilimwambia wifi kwamba hata huko watu wanakula. Alinitazama kwa huruma.

Kile kisanduku cha kuonyesha njia, baba alikichukia kabla hatujafika Liège. Sauti ya mwanamke ilipomwambia ageuke, alijibu kwa adabu, akaendelea mbele. Mimi nilikuwa nahesabu saa za feri ya kwenda Denmark akilini na kutafuna kucha. Karibu na Bremen magari yakasimama kabisa, barabara inatengenezwa. Nikatazama saa, nikatazama mbele, nikatazama saa tena. Nilipogeuka, baba hakuwepo. Alikuwa ameshuka na kwenda kusalimia madereva wa malori mmoja baada ya mwingine, kama inavyopasa kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, ambako usiposalimiana na wenzako hujui lini utavuka. Yeye na dereva mmoja wa Kipolandi, ambao hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, walikuwa wameketi kwenye ngazi ya lori wakila mayai ya kuchemsha. Foleni ikaanza kusogea bila sisi. Watu wakatupigia honi. Nilikimbia kumwita nikiwa nimevaa kandambili, nina hasira hadi masikio yanawaka.

"Polepole, maman," alisema akifunga mkanda. "Ile barabara haina na miguu, haitakimbia."

Feri yetu ndiyo ilikuwa na miguu. Hamburg tulipita jua likiwa linazama, na tiketi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mchana.

Kivukoni

Walitupakia kwenye feri ya asubuhi. Kuvuka kwenyewe hakukuwa na neno. Shida ilikuwa upande wa pili, Denmark, ambako afisa mmoja kijana alituita pembeni na kuomba tufungue nyuma.

Fikirieni alichokiona. Mamia ya vikombe vitupu. Chupa za spiriti. Kasha la ndagala lililofunguka usiku na kulijaza gari lote harufu ya ziwa Tanganyika. Aliuliza kwa Kiingereza kama tunakwenda kwenye sherehe. Nilieleza kwamba nafukia vikombe msituni ili chungu watumbukie. Akauliza spiriti ni ya nani. Nikasema ni ya chungu. Hakucheka. Baba alitaka kusaidia, akamwambia kwa Kifaransa kwamba binti yake ni daktari wa siafu, jambo ambalo si kweli bado na lilizidi kumchanganya. Tukatoa kila kitu, tukakipanga juu ya saruji, tukasubiri mkubwa wake amalize kahawa.

Huyo mkubwa alikuwa mama wa makamo. Alinusa ndagala, akauliza ni nini, baba akampa mmoja. Akamla hapo hapo, akatikisa kichwa kwa kukubali, na akaturuhusu. Lakini asubuhi yote ilikuwa imekwisha, na simu yangu ilikuwa inaonyesha wingu la mvua linashuka kutoka Norwei. Chungu hawatoki kwenye mvua. Nilikuwa nalipa kila saa kwa damu.

Barabara isiyo na watu

Tukapita lile daraja refu la kuingia Uswidi, tukalala kwenye gari nje ya mji ambao jina lake sikulisoma, tukaendelea. Baada ya Stockholm miji inapungua. Kisha inaisha. Kinachobaki ni misonobari kushoto, misonobari kulia, ziwa, misonobari. Baba alipunguza mwendo, akachungulia kushoto na kulia. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza kanisani: "Hapa bantu beko wapi?"

Tulipata wachache kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta. Baba aliagiza kwa kuonyesha kidole, akaletewa vidonge vya nyama vilivyomwagiwa jamu nyekundu. Aliitenga jamu pembeni kwa kisu, kwa subira, kama mtu anayetoa miba ya samaki, akaomba pilipili, akaletewa pilipili manga. Mzee wa meza ya pili alitutazama muda mrefu, kisha akaja na ramani, akaanza kutuwekea alama za kalamu: hapa ziko nyingi, hapa zimeisha, hapa nendeni asubuhi. Nilimshukuru sana. Nilidhani chuo kimemwambia habari zangu. Nilidhani, Mungu wangu, kuna mtu duniani anayejali chungu. Nikamuuliza kama wekundu wamezidi mwaka huu. Akasema hapana, nyekundu bado, za buluu ndizo zimeiva.

Alikuwa anazungumzia beri. Kumbe mgeni yeyote anayeonekana kule mwezi wa nane na gari lenye vyombo vya plastiki huwa amekuja kuchuma beri za msituni. Wanatoka hadi Thailand kwa kazi hiyo. Hadi tunaondoka kaskazini, watu walituuliza kilo ngapi. Baba mwishowe alianza kujibu "mingi sana", na wote wakaridhika.

Mvua

Tulifika kwenye kibanda cha chuo pamoja na lile wingu.

Kibanda kiko ukingoni mwa msitu wangu mzee. Chumba kimoja, jiko la kuni, choo cha nje. Kazi yangu ni rahisi kueleza: unaweka kadi ndogo chini, juu yake tone la asali na kipande cha jodari, unasubiri, unaandika nani amekuja, nani amemfukuza nani, nani amebaki na chakula. Kadi nyingi, mstari kwa mstari. Lakini mvua ikinyesha asali inayeyuka na chungu wanafunga milango. Nilikaa dirishani. Nilifungua mlango, nikafunga mlango. Nilipanga upya vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nilipanda kilimani, mahali pekee penye mtandao, kutazama utabiri, nikashuka nimelowa, nikapanda tena.

Msidhani baba alikuwa mtulivu kuliko mimi. Alitengeneza ufagio wa vijiti na kufagia uwanja kwenye manyunyu, kila asubuhi, hadi udongo mweusi ukaonekana, kwa sababu nyumba isiyofagiliwa nje ni nyumba ya mgonjwa. Alipika bukari. Alifungua boneti akaifunga. Kisha akaanza kuniuliza kazi yake ni ipi. Nikamwambia kazi yake ni kuendesha. Akasema gari limesimama. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sikumpa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Kuni

Siku mvua ilipokatika nilitaka kuruka. Baba alinipeleka kwenye viwanja vichanga, mbali kidogo, akaniacha huko na kadi zangu na mkate, akarudi kibandani. Tulikubaliana anifuate jioni. Msitu mzee ningeufanya kesho yake, ardhi ikishakauka vizuri.

Ilikuwa siku nzuri. Kwenye uwanja wa visiki, jua kali, chungu weusi walijaa kwenye kadi zangu kama watoto wa mtaa kwenye beseni la mikate. Niliimba. Baba alikuja jioni uso unang'aa, suruali imejaa vumbi la mbao, akaniambia ameniwekea zawadi.

Zawadi ilikuwa imepangwa ukutani mwa kibanda, kutoka mlangoni hadi dirishani, hadi usawa wa kifua changu. Magogo. Mengine mazima, mengine yamekatwa kwa msumeno, mengine yamepasuliwa kwa shoka. Juu ya rundo, utepe wa buluu ulikuwa unapepea. Nyuzi nyingine za buluu alikuwa amezikusanya na kuzifunga fundo zuri, nisizipoteze.

Ndugu zangu, tepe hizo nilizifunga mimi, kiangazi cha kwanza, kwenye kila gogo lililolala ndani ya kiwanja changu cha msitu mzee, ili yeyote asiliguse. Nilikimbia kwenye kiwanja. Kilikuwa kimefagiliwa. Si kwa mfano. Alikuwa amekwenda na ufagio.

Nilirudi nikikimbia. Nilisema mengi, na sitayaandika. Baba alisimama na shoka mkononi akisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa:

"Ile kitambala ya bleu, si weye njo ulifungaka?"

Nikasema ni mimi.

"Bon. Ku barabara ya Kolwezi, dereva akilipia gunia ya makala ya kupikia, anafunga kitambala yake. Muntu mwingine hawezi kugusa. Ukirudi, unabeba tu, ni yako. Nikaona kitambala ya mutoto wangu. Nikasema, alishaka kuchagua makuni, anakosa tu muntu wa kubeba."

Niliketi chini. Alikuwa ameusoma utepe kwa usahihi: hiki ni changu, mwingine asiguse. Tulitofautiana tu kuhusu kinachofuata.

Nilipanda kilimani na kumpigia profesa. Ni mtu mpole, hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Aliuliza kama magogo yanaweza kurudishwa. Nikasema hatujui lipi lilikuwa wapi, na mengine ni vipande. Maji yakimwagika hayazoleki. Kisha akasema, basi msitu mzee hatunao, na tutaona nini kinaweza kuokolewa kutoka kwenye vilivyobaki. Nilijua maana yake. Nililia kule juu, nikashuka macho yamekauka.

Baba alikuwa ameketi mbele ya rundo lake, hajawasha moto. Usoni alikuwa amezeeka. Alikuwa anatazama gogo moja alilolipasua katikati, na bila kunitazama akasema kuna bintu inatembea ndani.

Niliinama. Chini ya gamba lililooza, ndani ya upenyo mwembamba kama ukucha, kulikuwa na chungu wadogo wa kahawia, wembamba kama uzi, wanakimbia huku na huku wamebeba watoto wao weupe mdomoni. Nikachukua kipande kingine. Wamo. Kingine hamna. Kingine wamo. Hawa nilikuwa nawajua kutoka vitabuni, lakini ndani ya msitu huu, kwa viangazi viwili vya kuweka kadi, sikuwahi kumwandika hata mmoja. Kila kadi iliyowekwa pale ilikuwa ya wekundu kabla sijanyoosha mgongo. Asiyekuwepo na lake halipo, nami kwenye karatasi zangu nilikuwa nimeandika kwamba hawapo.

Furaha haikuja. Kilichokuja ni wasiwasi mkubwa zaidi, maana sasa nilikuwa najua kitu na sikuwa na pa kukithibitishia. Magogo yaliyohamishwa si ushahidi. Nilihitaji msitu mzee mwingine ambao haujaguswa, na nilihitaji kuufungua gogo kwa gogo.

Kwa Mama Gunvor

Msitu huo ulikuwepo, ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa nimeuona kwenye ramani tangu mwanzo, ila una mwenyewe, mjane mmoja mzee anayeitwa Gunvor, anayeishi peke yake kwenye nyumba nyekundu. Kule sheria inakuruhusu kutembea katika msitu wa mtu na hata kuchuma beri, lakini kuvunja magogo yake ni lazima umuombe.

Alitufungulia mlango na kutuelekeza kwa mkono mahali beri zilipo. Nilianza papo hapo kumweleza kwa Kiingereza shida yangu, magogo, chungu, haraka. Baba akanigusa kiwiko. Alikuwa ameona juu ya kabati picha ya mwanamume na mshumaa mbele yake.

"Mbele tumupe pole," alisema. "Kisha njo utalomba."

Nilikuwa nataka kupasuka. Lakini nani anabishana na baba yake mlangoni mwa watu? Tuliingia. Baba alisimama mbele ya picha, akavua kofia, akatoa pole kwa Kiswahili, ndefu, yenye kumtaja mama yangu pia, na mimi nikafasiri kwa Kiingereza. Mama Gunvor alisikiliza bila kusogea. Kisha akaweka kahawa, akaleta biskuti za kila namna, na wao wawili wakazungumza, yeye Kiswidi, baba Kiswahili, mimi katikati nikifasiri kile nilichoweza na kutazama jua dirishani. Mume alikuwa dereva wa malori ya magogo. Sikupata kutamka neno chungu hadi sufuria ya pili ya kahawa.

Alikubali bila kufikiri. Kisha akaongeza, kama jambo dogo, kwamba mashine ya kukata miti inakuja kesho kutwa. Alikuwa amekwisha kuuza miti ya msitu ule. Kuizuia asingeweza, watu wameshapanga. Tufanye tutakachoweza.

Tulianza jioni ile ile, maana kule jua halina haraka ya kuzama, sisi ndio tulikuwa nayo. Niliweka kadi kwanza, maana ukivuruga magogo umevuruga kila kitu. Wekundu wakaja. Kutoka kwenye vichuguu vyao viwili walishuka kwa njia zao zilizochongeka ardhini, wakazimaliza kadi mstari mzima. Safari hii sikushangaa. Nilifunga utepe wa njano, nikamwambia baba: njano maana yake tunafungua hapo hapo, tunaandika, tunarudisha.

Shoka nilimnyang'anya, nikampa kisu kipana. Alipiga magoti. Mtu aliyepasua rundo lile kwa nusu siku sasa alikuwa anainua gamba la mti kwa ncha ya kisu kana kwamba anafunua shuka la mtoto aliyelala. Hakuwa mzuri katika kazi ile. Alivunja kadhaa, alichanganya wadudu wengine wa mbao na chungu wangu, na kila alipokosea alijitukana kwa Kiluba. Lakini hakusimama. Siku iliyofuata yote tulifanya hivyo, magoti yamelowa, mbu wametula, ndagala na bukari baridi mfukoni. Nilikuwa nakwenda gogo hadi gogo nusu nikikimbia, nasikia mashine masikioni hata kabla haijafika.

Palipokuwa na gogo lililooza vizuri na mwanga kidogo kupita juu yake, wadogo walikuwamo, wakati mwingine hatua chache tu kutoka kwenye kichuguu. Palipokuwa na kivuli kizito na magogo hakuna, hapakuwa na mtu, hata kama wekundu walikuwa mbali. Profesa alikuwa sahihi kuhusu chakula. Mimi nilikuwa sahihi kuhusu nyumba. Ilibidi kupima vyote viwili ili kujua hivyo, na hakuna aliyekuwa amepima cha pili.

Mashine ilikuja asubuhi, ya njano, kubwa kama nyumba ya Gunvor. Dereva wake alishuka, baba akaenda kumsalimia. Sijui walielewana vipi. Ninachojua ni kwamba yule kijana aliigeuza mashine, akaanza kukata kutoka upande wa pili wa msitu, na tukapata hadi mchana. Tulifungua gogo la mwisho miti ikianguka nyuma yetu.

Baba alibaki amepiga magoti hapo, anawatazama wanavyokimbiza watoto wao gizani.

"Donc hawa badogo habakufukuzwa," alisema.

"Hapana, papa."

"Bameacha tu kuya ku meza."

Nikasema ndiyo, ni hivyo. Nikaliandika karibu kama alivyolisema.

Kurudi

Safari ya kurudi ilikuwa fupi, au mimi ndiye nilikuwa nimelala. Niliamka mara moja nje ya Stockholm, mara nyingine kwenye feri, nikampigia profesa. Nilimsomea. Nilisikia kalamu inaandika. Mwishowe akasema tutauweka msitu ule kwenye tasnifu, kwa tahadhari, kwa kuwa ni mmoja. Na kile kiwanja kilichoharibika tutakieleza wazi kwa sentensi moja. Sentensi hiyo imeshaandikwa. Inasema magogo yote yaliyolala yalitolewa nje ya kiwanja kutokana na kuokotwa kwa kuni. Mnaweza kuacha kuniuliza sasa: msitu mzee ninao, na nitatetea mwezi wa pili.

Kilichobaki hamjaniuliza, kwa sababu hamkijui.

Tulikuwa tumeshapita Liège. Mvua ya Ubelgiji, malori, taa nyekundu mbele yetu. Nilikuwa namweleza baba jinsi nitakavyowaonyesha watu wa jopo kwamba kuhesabu waliopo kwenye chakula hakutoshi. Nilikuwa nasema haraka haraka, nimefurahi. Akaniacha nimalize.

"Maman," alisema, "miye pia ku Berchem niko vile."

Nikamuuliza vipi.

"Ku meza ya Didier. Batoto beko nasema français mbio mbio, na kiholanzi ya masomo. Didier iko na téléphone. Nalomba barudilie, banarudilia mara moja, mara mbili, kisha banachoka. Habana roho mubaya. Miye njo nilichokaka kulomba. Nabeba sahani yangu, nakulia ku chambre ya kulala. Solange anazania sina njaa."

Aliyasema akitazama barabara, kwa sauti ile ile ya kusoma vibao vya njia. Mimi nilikuwa nakwenda kula pale kila Jumapili baada ya ibada. Kiti chake kilikuwa kitupu, Solange alisema papa ameshakula, nami nikapakua wali. Kwa miaka yote ile niliamini baba yangu amepoteza hamu ya chakula. Iliniuma vibaya, hapo kwenye kiti cha gari.

Etterbeek iko kabla ya Berchem ukitokea upande ule. Alisimamisha gari mbele ya mlango wangu, akashusha vikombe, hema, kasha la ndagala lililobaki nusu, kila kitu, kwenye mvua, asinikubalie kubeba kizito. Mfuko wake wa nguo ulibaki peke yake kwenye kiti cha nyuma. Akarudi kukaa kwenye usukani, akawasha injini.

Niliinama dirishani nikamwambia kwamba kwangu ni chumba kimoja na nusu, meza ni ndogo, na mimi nasema taratibu nikitaka.

Aligeuka akautazama mfuko wake kwenye kiti cha nyuma. Wiper zilipita na kurudi.

"Kile kitanda ya kukunja," aliuliza, "uko nacho bado?"

"Niko nacho, papa."

Akazima injini.